Nani Aliwamaliza Mafundi Bodi wa Marekani?

Desemba 1, 1928, kwenye maonyesho ya magari ya kifahari katika hoteli ya Commodore jijini New York, kampuni ya Duesenberg ya Indianapolis ilitambulisha gari lake jipya, Model J. Injini ilikuwa ya silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, kila silinda ikiwa na vali nne, na kampuni ilitangaza nguvu za farasi 265, zaidi ya maradufu ya nguvu za magari mengi ya kifahari ya wakati huo. Bei ilikuwa dola 8,500. Kwa fedha hizo mnunuzi alikabidhiwa chasisi: fremu, injini, gia, magurudumu, rejeta, boneti, madigadi na taa. Milango hakupewa, wala paa, wala kiti cha kukalia. Hivyo vyote vilikuwa kazi ya kampuni nyingine, na bili yake ilikuwa maelfu mengine ya dola. Miaka hiyohiyo Ford Model A, likiwa limekamilika la kuwasha na kuondoka, lilianzia bei isiyofika dola 500.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki utaratibu huu si mgeni. Basi la abiria hapa kwetu mara nyingi huingia bandarini likiwa chasisi tupu, kisha hupelekwa kwa waunda bodi wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, wakaliwekea mbavu za chuma, mabati, vioo na viti kama mwenye basi anavyotaka. Nchini Marekani, kati ya vita kuu mbili za dunia, waliohudumiwa hivyo walikuwa matajiri waliotaka gari la watu wanne au watano, na kazi yenyewe ilifikia ustadi ambao sidhani kama umewahi kufikiwa tena nchini humo. Hata hivyo, kufikia 1941 karibu karakana zote zilizoifanya zilikuwa zimefungwa.

Ukiuliza kilichoiua biashara hiyo, jibu linalokuja upesi ni Mdororo Mkuu wa Uchumi: soko la hisa lilianguka Oktoba 1929, matajiri wakafilisika, magari ya kifahari yakakosa wanunuzi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini linauweka mwisho wa hadithi mahali pa chanzo chake. Viwanda vikubwa vya Detroit vilikuwa vimeanza kuumeza ufundi bodi miaka minne mitano kabla ya 1929. Na walioumeza hawakuwa watu walioudharau. Wawili kati yao, Edsel Ford na Harley Earl, waliupenda kuliko karibu mtu mwingine yeyote katika biashara ya magari.

Mafundi hawa walianza na magari ya kukokotwa na farasi. Brewster, iliyokuwa na jina kubwa kuliko zote, ilianzishwa 1810 huko New Haven, Connecticut, kisha ikahamia New York. Judkins ya Merrimac, Massachusetts, ilianza 1857. Familia ya Derham ilianza 1887 karibu na Philadelphia. Fleetwood ulikuwa mji mdogo wa Pennsylvania kabla ya kuwa jina la bodi. Kulikuwa na Brunn huko Buffalo, Willoughby huko Utica, na Rollston jijini New York, iliyoanza 1921. Wote walileta kwenye magari desturi za zama za farasi, hata zile ambazo hazikuwa na sababu tena. Katika gari la mjini la mtindo wa juu, dereva alikaa nje, juani na mvuani. Kiti chake kilivalishwa ngozi kwa kuwa ngozi huvumilia maji. Nyuma yake, ndani ya chumba kilichofungwa, bwana na bibi walikalia kitambaa cha sufu laini. Mpangilio mzima wa jamii ile ulikuwa umechongwa kwenye bodi moja.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Ilianza na mchoro mdogo wa rangi, ambao mteja aliupitia pamoja na mbunifu: kioo cha mbele kilale zaidi, paa lishuke kidogo, mlango ufunguke kwa nyuma. Walipokubaliana, gari lilichorwa upya kwa ukubwa wake halisi ili kila kipimo kichukuliwe humo. Maseremala walichonga mifupa ya bodi kwa mbao za ash, mti mgumu unaopindika bila kuvunjika na unaoshika skrubu vizuri. Viungo vilikatiwa ndimi na matundu, vikagundishwa, vikakazwa. Baada yao alikuja fundi bati. Alichukua bati bapa la alumini, akaligonga taratibu kwa nyundo mpaka lipate tumbo, akalipitisha kati ya magurudumu mawili ya chuma kulilainisha, akalijaribisha kwenye mbao, akaona linapogoma, akarudi kuligonga. Alipima kwa kiganja. Alama ya nyundo iliyobaki ingeonekana mara tu rangi inapong'aa, kwa hiyo hakuna aliyetaka ibaki.

Kisha rangi. Kabla ya katikati ya miaka ya 1920, vanishi ilipakwa kwa brashi tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiriwa ikauke na kusuguliwa kabla ya nyingine. Zilipita wiki kadhaa gari likiwa limesimama tu chumba cha rangi. Kampuni ya DuPont ilipoleta rangi ya Duco, iliyopulizwa na kukauka kwa saa chache, wiki hizo zikawa siku. Magari ya Oakland ya 1924, ya bei ya kawaida kabisa, yalitoka kiwandani yakiwa na rangi hiyo ya buluu. Jambo hili huwa halitajwi sana katika historia ya magari ya kifahari, nami naliona la msingi: mpaka hapo rangi nzuri yenye mng'aro ilikuwa mali ya mtu mwenye uwezo wa kusubiri. Baada ya hapo kila kiwanda kingeweza kuiuza.

Lakini badiliko kubwa zaidi lilitokea ofisini, mbali na vumbi la karakana. Mwaka 1920 vijana wawili waliokuwa wamefanya kazi Brewster, Thomas Hibbard na Raymond Dietrich, walifungua kampuni yao jijini New York wakaiita LeBaron Carrossiers. Hapakuwa na mtu aitwaye LeBaron. Jina lilichaguliwa kwa sababu lilisikika Kifaransa, na Ufaransa wakati huo ndiyo iliyokuwa ikitazamwa kwa mitindo. Hapakuwa na karakana pia. Hibbard na Dietrich hawakuwa na seremala hata mmoja. Walichouza kilikuwa michoro: mteja au mwuza magari alikuja na chasisi akilini, wao wakamchorea bodi, na kazi ya kuiunda ikapelekwa kwa wengine.

Hapo ndipo naiona historia nzima ikigeuka. Kwa vizazi vingi, aliyebuni umbo na aliyeliunda walikuwa chini ya paa moja, na mara nyingi walikuwa mtu yuleyule. LeBaron ilionyesha kwamba umbo linaweza kuuzwa peke yake. Na kitu kinachouzwa peke yake kinaweza kununuliwa na yeyote, kikiwemo kiwanda chenye mashine za kuunda bodi elfu kumi zinazofanana. Sidhani kama vijana hawa waliliona hilo likija; walikuwa wakitafuta riziki katika fani ambayo hawakuwa na mtaji wa kuiingia kwa njia nyingine. Lakini tazama kilichofuata. Hibbard aliondoka 1923 kwenda Paris, ambako yeye na Mmarekani mwenzake Howard Darrin waliunda bodi za Ulaya. LeBaron ikaungana na kampuni ya bodi ya Bridgeport, Connecticut, na hatimaye ikapata karakana. Mwaka 1925 Dietrich alivutwa Detroit na kampuni ya Murray, mojawapo ya waunda bodi wakubwa wa viwanda. Mwaka 1927 LeBaron yenyewe ikanunuliwa na Briggs, kampuni kubwa ya Detroit iliyowaundia akina Ford bodi kwa wingi. Ndani ya miaka saba, ofisi ya vijana wawili ilikuwa imegawanywa na kumezwa, na uchumi wa Marekani ulikuwa bado unapaa.

Edsel Ford ndiye aliyeugeuza utaratibu huu kuwa mfumo. Baba yake, Henry, alinunua kampuni ya Lincoln ikiwa mufilisi Februari 1922 kwa dola milioni 8, kutoka kwa Henry Leland, fundi mkubwa wa mitambo ambaye mashine zake zilikuwa sahihi na bodi zake zilikuwa mbaya. Bodi hizo za kwanza zilichorwa na mkwe wa Leland, ambaye asili yake alikuwa mbunifu wa kofia za wanawake. Henry Ford hakujali sana sura ya gari. Edsel alijali mno, akaachiwa Lincoln aisimamie. Aliwaita Brunn, Judkins, Willoughby, LeBaron, Dietrich na wengine, lakini hakuwaagiza bodi moja moja. Alichagua mchoro uliompendeza, akaagiza bodi kadhaa za mchoro huo kwa mkupuo, akaziweka kwenye katalogi ya Lincoln pamoja na bei.

Kwa karakana ndogo ya Utica au Merrimac, oda ya namna hiyo ilikuwa neema. Mbao zilikatwa kwa kiolezo kimoja, mafundi walikuwa na kazi ya miezi, na bei ya kila bodi ilishuka. Mnunuzi naye alipata bodi ya Judkins bila kusubiri nusu mwaka. Sioni wa kulaumiwa hapo. Lakini Packard nayo ilikuwa ikifanya vivyo hivyo, ikiwa na bodi za Dietrich na wenzake kwenye orodha zake, na matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya magari tunayoyaita leo ya kipekee yalikuwa na ndugu zao, yakatofautiana kwa rangi, kitambaa na vishikio vya milango. Upekee ulikuwa umeanza kuuzwa kwa namba ya ukurasa. Na fundi aliyezoea wateja ishirini tofauti sasa alikuwa na mteja mmoja mkubwa huko Detroit, ambaye akikohoa yeye anaugua.

General Motors ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1925 kampuni yake tanzu ya Fisher Body iliinunua Fleetwood, na kufikia 1931 shughuli zilikuwa zimehamishwa kutoka mji ule wa Pennsylvania hadi Detroit. Halafu akaja Harley Earl. Baba yake aliunda magari ya farasi, kisha bodi za magari, mjini Los Angeles. Karakana yao ilinunuliwa 1919 na Don Lee, mwuzaji wa Cadillac wa California, na Harley akaendelea kuisimamia, akiwaundia bodi waigizaji wa filamu kama Tom Mix na Roscoe Arbuckle. Lawrence Fisher, aliyekuwa akiiongoza Cadillac, alipomtembelea alimkuta akifanya jambo ambalo Detroit haikulizoea: alifinyanga umbo zima la gari kwa udongo, kutoka boneti mpaka nyuma, ili lionekane kitu kimoja na si masanduku yaliyopangwa pamoja. Alialikwa kuichora LaSalle ya 1927, ikauzika, na mwaka huohuo GM ikaunda idara ya sanaa na rangi chini yake, yenye watu wapatao 50. Haikuwahi kuwapo idara ya namna hiyo katika kiwanda kikubwa cha magari.

Mtoto wa fundi bodi, aliyelelewa katika harufu ya mbao na vanishi, ndiye aliyefundisha kiwanda jinsi ya kuishi bila mafundi bodi. Simwoni kama msaliti. Alichukua kitu kizuri kilichokuwa kwa watu mia chache akakipeleka kwa mamilioni; Chevrolet ya miaka ya 1930 ilikuwa na umbo lililofikiriwa, jambo ambalo Ford Model T haikuwa nalo. Lakini kuanzia siku ile, swali la tajiri lilibadilika. Kama gari la kiwandani limechorwa na mtu yuleyule aliyekuwa akiwachorea nyota wa Hollywood, kwa nini alipe mara tatu apate jingine?

Chuma nacho kilikuwa na sehemu yake. Mwaka 1919 gari moja tu kati ya kumi yaliyouzwa Marekani lilikuwa la kufungwa lenye paa gumu. Kufikia 1927 uwiano ulikuwa umepinduka, zaidi ya manane kati ya kumi yakiwa ya kufungwa. Gari lenye paa na vioo lilikuwa ndiyo nguvu kuu ya karakana za kifahari, na sasa kila mtu alikuwa nalo. Edward Budd wa Philadelphia alikwisha kuonyesha kwamba bodi inaweza kuundwa yote kwa chuma kilichogandamizwa na mashine, bila mbao za kuishikilia. Kilichobaki kikisumbua kilikuwa paa, kwa sababu mitambo ya chuma haikuweza kutoa bati pana kiasi hicho, na katikati ya paa palizibwa kwa kitambaa. Mwaka wa modeli wa 1935 GM ikatoa paa la bati moja la chuma. Kalibu za kugandamizia bati kama hilo ziligharimu fedha nyingi mno, na fedha hizo zilirudi tu kama bodi zilezile ziliuzwa kwa maelfu mengi. Karakana iliyounda bodi 10 au 20 za aina moja haikuwa na njia yoyote ya kuingia katika hesabu hiyo. Ilibaki na mbao na nyundo, ikiuza umbo la mviringo ambalo mashine ililitoa kwa pigo moja.

Mdororo uliwakuta katika hali hiyo. Na uliwakuta wakiwa wamejiandaa kwa kitu kingine kabisa, kwa sababu mashine kubwa kuliko zote zilitoka baada ya soko kuanguka. Cadillac ilionyesha gari la silinda 16 Januari 1930, miezi michache tu baada ya anguko la soko la hisa la Wall Street, likiwa na injini ya lita 7.4 na katalogi ya Fleetwood yenye mitindo zaidi ya 50. Sehemu kubwa ya magari hayo iliuzwa katika miaka miwili ya kwanza. Kwa miaka yote mpaka 1940 hayakuzidi sana 4,000. Marmon ya Indianapolis nayo ilileta silinda 16, injini ya alumini yenye nguvu za farasi 200 na bodi za LeBaron, ikauza yasiyofika 400 na kufilisika 1933. Peerless ya Cleveland iliunda gari lake la silinda 16 lenye bodi ya alumini ya Murphy wa Pasadena. Ni gari zuri kupita kiasi, na lilikamilika moja tu. Kampuni ikaacha magari, na kiwanda chake, baada ya marufuku ya pombe kuondolewa, kikawa cha kutengenezea bia.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za mauzo hazilionyeshi vizuri: kwa wengi waliobaki na fedha, hamu ya kuonekana nazo ilikwisha. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 63 mwaka 1932, na baadaye hadi 79. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na ajira mwaka 1933. Kupita katika mitaa hiyo na gari la futi 20, dereva akiwa nje na kofia yake, kulikuwa ni kuchokoza. Matangazo ya Duesenberg ya wakati huo yanalieleza hilo bila kukusudia. Mengine hayakuonyesha gari hata kidogo: yalimchora mtu tajiri katika maktaba yake au kwenye jahazi lake, na chini sentensi moja tu, kwamba mtu huyu huendesha Duesenberg. Wakati Duesenberg ilipopeleka kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1933 gari la Rollston la dola 20,000, ambalo jina lake la utani lilitokana na bei hiyo, umati ulilishangaa kweli. Pierce-Arrow ya Buffalo nayo ilipeleka Silver Arrow ya dola 10,000, yenye madigadi yaliyozama ndani ya bodi kama magari ya miaka 15 baadaye. Yaliundwa matano. Kampuni ilikufa 1938.

Nayaandika haya nikiwa nayapenda magari hayo, na bado nasema bei ile katika mwaka ule ilikuwa ya aibu. Ila haki itendeke pande zote: fedha za gari la dola 20,000 hazikuishia kwenye chuma. Sehemu kubwa iliingia mifukoni mwa maseremala, wafua bati, washonaji na wapaka rangi ambao mwaka ule wangeweza kuwa kwenye foleni ya supu.

Ndani ya Duesenberg yenyewe unaona mchakato mzima kwa ufupi. Tajiri E. L. Cord aliinunua 1926 akamwambia Fred Duesenberg aunde gari bora kuliko yote, na kwa upande wa mitambo Fred alitimiza: mbele ya dereva palikuwa na taa ndogo zilizowaka zenyewe kumkumbusha kubadilisha oili na kuangalia maji ya betri. Fred alifariki Julai 1932 kutokana na ajali ya gari lake mwenyewe huko Pennsylvania. Bodi zilipaswa kuwa huru, kazi ya yeyote ambaye mteja amemchagua, na Murphy ndiye aliyeunda nyingi kuliko wote, akisifiwa kwa nguzo nyembamba za kioo cha mbele zisizomziba dereva. Lakini Duesenberg iliajiri mbunifu wake, Gordon Buehrig, akiwa na umri wa miaka 25, na kijana huyo akachora sehemu kubwa ya bodi zilizopelekwa kwa karakana mbalimbali ziundwe. Baadhi ya bodi hizo ziliuzwa kwa jina la LaGrande, kana kwamba LaGrande ni mwunda bodi mashuhuri. Lilikuwa jina la Duesenberg yenyewe, na bodi zilitoka katika kiwanda cha Indiana. Hata gari huru kuliko yote Marekani lilikuwa linachorewa kiwandani na kubandikwa jina la fundi asiyekuwapo. Kati ya chasisi 500 alizopanga Cord, ziliundwa takriban 480, na 1937 kazi ikaisha.

Historia hii pia ina mtu anayesahaulika kila inaposimuliwa. Huko Greenfield, Ohio, palikuwa na kampuni ya C. R. Patterson na wanawe. Charles Richard Patterson alizaliwa utumwani, akajifunza uhunzi, akajenga biashara ya magari ya farasi yaliyoheshimika. Mwanawe Frederick aliunda gari la Patterson-Greenfield kuanzia 1915, la kwanza kuundwa na kampuni ya Wamarekani Weusi. Alipoona hawezi kushindana na Detroit, alirudi kwenye kazi waliyoijua: kuunda bodi juu ya chasisi za wengine. Miaka yote ya 1920 na 1930, wakati Brewster ikiwaundia mabwanyenye wa New York, Greenfield iliunda mabasi, hasa ya shule, mpaka ilipofunga 1939. Ustadi ulikuwa wa aina ileile, mbao na bati juu ya fremu ya mwingine. Lakini milango ya hoteli ya Commodore haikuwa wazi kwa fundi wa namna yake, na ndiyo maana jina lake halimo kwenye orodha za wakusanyaji.

Karakana zikafa moja moja. Murphy alifunga 1932. Brewster, iliyokuwa imenunuliwa na tawi la Marekani la Rolls-Royce, ilijaribu kuishi kwa kuweka bodi za kifahari juu ya chasisi za Ford V8, zikiwa na uso wenye umbo la moyo. Ikafunga 1937, miaka 127 baada ya kuanza. Willoughby ilifuata 1938. Brunn iliipatia Ikulu gari la Lincoln la wazi alilolitumia Rais Franklin Roosevelt kuanzia 1939, na miaka miwili baadaye nayo ikafunga milango. Derham peke yake ndiyo iliyosogea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kuyapamba magari ya kiwandani. Packard, kwa upande wake, iliokolewa na gari la bei nafuu: mwaka 1935 One-Twenty, lililoanzia chini ya dola 1,000, liliuza takriban 25,000 katika msimu wa kwanza, ilhali Packard Twelve hazikufika 1,000.

Watu lakini hawakufa na karakana zao, na huu ndio ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine. Dietrich alichukuliwa na Chrysler. Hibbard, baada ya Paris, alikwenda kufanya kazi katika kampuni kubwa za Detroit. Mtoto wa Brunn aliingia Ford. Buehrig aliichora Cord 810 ya 1936, iliyoficha taa zake ndani ya madigadi, na miaka 20 baadaye alikuwa Ford akishughulikia Continental Mark II. Kama kilichoua biashara kingekuwa umaskini wa wateja peke yake, wabunifu hawa wangetawanyika kama maseremala wao. Wao walipandishwa. Aliyetupwa ni yule wa nyundo na randa.

Majina nayo yalinunuliwa. Chrysler iliichukua Briggs 1953, ikapata LeBaron ndani yake, na ikaliweka jina hilo kwenye magari ya kawaida ya kiwandani mpaka 1995. Cadillac ilitumia Fleetwood mpaka 1996.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba Mdororo uliharakisha mazishi, lakini kifo kilianza siku mchoro ulipotenganishwa na mkono unaouunda, na viwanda vikagundua kwamba mchoro peke yake ndio wanaouhitaji. Wamarekani walipata magari mazuri zaidi kwa watu wengi zaidi, na hilo ni faida halisi. Walilipa kwa kupoteza jamii nzima ya mafundi, ambao hakuna idara ya usanifu iliyowahitaji tena. Mwaka 2018 Duesenberg fupi ya 1935 aliyokuwa nayo Gary Cooper iliuzwa mnadani California kwa dola milioni 22, na jina la mwigizaji lilitajwa katika kila habari. Wanaoandika kuhusu magari haya, na makumbusho kama lile la Auburn, Indiana, linaloyatunza, wangefanya vema kuzitafuta daftari za mishahara za karakana zile na kuyaandika majina ya waliogonga bati hilo, kando ya majina ya waliolikalia.